Faili Limefungwa: Na Nani, na kwa Maana Gani?

Vipo vitenzi vya Kiswahili vinavyobeba mizigo mikubwa kuliko maumbo yake, na kitenzi funga ni kimojawapo. Tunafunga mlango na tunafunga mzigo. Tunafunga mwezi wa Ramadhani, tunafunga ndoa, tunafunga bao, tunafunga safari. Mwalimu mkuu hufunga shule, hakimu humfunga mwizi, na fundi hufunga kazi jua linapotua. La ajabu ni kwamba anayefunga safari anaanza, ilhali anayefunga shule anamaliza, na wala hakuna mzungumzaji wa Kiswahili anayechanganyikiwa, kwa kuwa nomino inayofuata humwonyesha njia. Huu ni utajiri wa kujivunia.

Hata hivyo, upo uwanja mmoja ambamo nomino haitusaidii tena, nao ni uwanja wa kompyuta. Tukisema "faili limefungwa", nomino ni moja na kitenzi ni kimoja, lakini maana ni mbili, tena maana hizo zinapingana. Maana ya kwanza ni kwamba aliyekuwa akilitumia faili amemaliza kazi yake na ameliacha, nawe sasa waweza kulichukua. Maana ya pili ni kwamba yupo mtu anayelitumia wakati huu huu, amelikamata, nawe huwezi kuligusa. Faili la kwanza limefungwa kwa sababu hakuna aliye nalo. La pili limefungwa kwa sababu yupo aliye nalo. Lugha inayotumia neno moja kwa hali mbili kama hizi inamtupa msomaji wake gizani pale anapohitaji mwanga.

Rai yangu katika makala haya ni hii: sisi wapenzi na wanafunzi wa Kiswahili tumetumia miaka mingi kubishana kuhusu jina la mashine, yaani iwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na tumetumia muda mchache mno kuvishughulikia vitenzi vinavyoeleza kazi ambayo mashine hiyo hufanya. Nomino humtambulisha mgeni, lakini vitenzi ndivyo vinavyomwezesha kuishi nasi. Ili nisibaki katika mambo ya jumla, nitachukua mfano mmoja mwembamba: jinsi programu za kibiashara zinavyomaliza kazi na kuyaacha mafaili yake katika kompyuta za kiwango cha kati.

Kompyuta za kiwango cha kati

Baina ya mitambo mikubwa ya kompyuta inayojaza chumba kizima na kompyuta ndogo za mezani, lipo kundi la tatu ambalo halizungumzwi sana. Ni kompyuta zinazohudumia benki, kampuni ya bima, kiwanda au msambazaji wa bidhaa, zikiwa na watumiaji kadhaa au mamia wanaofanya kazi kwa wakati mmoja juu ya mafaili yale yale. Maarufu zaidi katika kundi hili ni AS/400, ambayo kampuni ya IBM iliitangaza mwezi wa Juni mwaka 1988. Jina lake limebadilishwa mara kadhaa, na tangu mwaka 2008 mfumo wake wa uendeshaji umejulikana kama IBM i. Kilichoufanya mtambo huu udumu ni kwamba programu zilizoandikwa miongo iliyopita bado huweza kutumika katika mitambo mipya.

Lugha iliyozoeleka katika kuandika programu hizo ni RPG. Lugha hii ilianza mwaka 1959, miaka minne kabla ya Kenya kupata uhuru, na kazi yake ya awali ilikuwa kutayarisha ripoti kutokana na kadi zilizotobolewa matundu. Muundo wake wa asili ulifuata mwendo wa mashine za kadi: soma rekodi moja, fanya hesabu, andika matokeo, kisha rudia. Rekodi ya mwisho ilipokwisha kusomwa, kiashiria kimoja kiitwacho LR kilijiwasha chenyewe. Programu iliandika jumla kuu, ikayafunga mafaili yote, ikamaliza. Mwisho ulikuwa umejengwa ndani ya kazi, kama vile mwisho wa mwezi ulivyojengwa ndani ya kalenda.

Mambo yalibadilika programu zilipoanza kuzungumza na binadamu kupitia skrini. Karani anayehudumia wateja hana rekodi ya mwisho. Mteja mmoja akiondoka huja mwingine. Hapo ndipo ilipombidi mwandishi wa programu aamue mwenyewe ni lini na kwa namna gani programu yake iondoke jukwaani. Uamuzi huo una njia zaidi ya moja, na kila njia ina matokeo yake.

Namna za kuondoka

Tuchukue mfano wa masjala ya ofisi ya serikali, kwa kuwa wengi wetu tumewahi kusimama mbele ya dirisha lake. Karani ameitwa na mkubwa wake atafute habari katika faili fulani. Anaweza kuipata habari hiyo, akalifunga faili, akalirudisha kwenye rafu, akasafisha meza, akarudi kwa mkubwa wake na jibu. Anaweza pia kurudi na jibu hilo hilo huku faili likiwa bado limefunuliwa mezani, kidole kikiwa kimewekwa kwenye ukurasa, kwa sababu anajua ataitwa tena baada ya dakika moja kuulizwa habari nyingine kutoka faili lile lile.

Programu ya RPG iliyoandikwa kwa mtindo wake wa kawaida ina njia hizi mbili. Ikiwasha kile kiashiria cha LR kisha ikarudi kwa programu iliyoiita, mafaili iliyoyafungua yenyewe hufungwa, na thamani zilizokuwa katika kumbukumbu yake haziendelei kutumika. Ikiitwa tena, itaanza upya kama mtu aliyeamka asubuhi. Lakini ikitumia amri ya RETURN bila kuwasha LR, hurudi tu. Mafaili hubaki wazi, thamani hubaki zilivyokuwa, na mahali iliposimama katika faili hapapotei. Ikiitwa tena, itaendelea kutoka hapo.

Msomaji asidhani kwamba njia ya kwanza ni ya adabu na ya pili ni ya uzembe. Kulifungua faili ni kazi yenye gharama kwa mashine. Ikiwa programu ndogo ya kutafuta bei ya bidhaa inaitwa mara elfu kumi katika usiku mmoja wa kutayarisha ankara, kuyafungua na kuyafunga mafaili mara elfu kumi ni kupoteza muda bure. Mwandishi hodari huiacha programu hiyo ikiwa na mafaili wazi kwa makusudi, kisha mwishoni mwa kazi nzima huhakikisha kwamba yote yanafungwa. Jambo la msingi ni kujua umeondoka kwa njia ipi.

Asiyejua hupatwa na mengi. Programu iliyorejea bila kumaliza inaweza kukutwa na thamani za mteja wa jana katika hesabu ya mteja wa leo. Rekodi mpya zinazosubiri katika hifadhi ya muda, ambayo mashine huitumia ili iandike nyingi kwa pamoja, huenda zikawa bado hazijafika katika faili lenyewe, na programu nyingine inayosoma faili hilo isizione. Nakala ya usiku, ile inayochukuliwa ili ikitokea hasara pawe na pa kurudia, inaweza kuliruka faili ambalo bado liko wazi kwa ajili ya kurekebishwa, iwapo haikupangwa mahususi kuchukua nakala huku kazi zikiendelea. Haya yote hutokea kimya kimya. Hakuna taa nyekundu inayowaka kumwambia mtu kwamba kuna mlango ulioachwa wazi.

Kufunga na kushikilia

Sasa tuingie katika kiini cha hoja. Watu wengi wanapofanya kazi katika faili moja, mashine hulazimika kuwazuia wawili wasiibadilishe rekodi moja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo programu inaposoma rekodi kwa nia ya kuirekebisha, mashine huiwekea rekodi hiyo kizuizi hadi marekebisho yafanywe, au programu iiachie, au isome nyingine mahali pake. Programu ya pili ikiitaka rekodi hiyo, itasubiri. Katika mitambo ninayoizungumzia, muda wa kawaida wa kusubiri ni sekunde 60, kisha hupewa taarifa kwamba rekodi haipatikani. Fikiria basi karani aliyeifungua akaunti ya mteja ili abadilishe anwani, akaitwa kando kunywa chai huku skrini ikiwa hivyo hivyo. Ikiwa programu yake iliandikwa bila kulifikiria jambo hilo, akaunti ile itabaki mikononi mwake hadi arudi.

Waingereza wana vitenzi viwili tofauti kwa mambo haya: kimoja cha kufunga kitabu na kingine cha kufunga kwa kufuli. Sisi tumeyatia yote mawili ndani ya kitenzi funga, na kinyume chake, fungua, kimebeba mzigo huo huo. Matokeo yake, sentensi "fungua rekodi" inaweza kuwa agizo la kuanza kuitumia au agizo la kuacha kuizuia.

Kuna watakaosema kwamba huu ni ubishi wa darasani. Mfano mmoja utatosha kuonyesha kwamba sivyo. Shangazi yangu wa Njukini huuza ndizi, na akiba yake huiweka katika taasisi moja ya fedha ambayo sina haja ya kuitaja. Siku moja alipokwenda kutoa fedha za ada ya mjukuu wake, aliambiwa dirishani, "Mama, akaunti yako imefungwa. Jaribu kesho." Kwa mtu wa rika lake, akaunti iliyofungwa ni akaunti iliyokufa. Alirejea nyumbani akiamini kwamba ndizi za msimu mzima zimepotea, na usiku ule hakuna aliyelala vizuri katika boma lile. Kesho yake alihudumiwa bila tatizo lolote, wala hakuna aliyemweleza kilichotokea. Binamu yangu ambaye ni mwandishi wa programu alipokisikia kisa hicho alisema kwamba yaelekea rekodi ya akaunti ilikuwa imezuiwa na skrini nyingine iliyoachwa kabla kazi haijamalizika. Kwa maneno mengine, akaunti ya shangazi haikuwa imefungwa hata kidogo. Tatizo lilikuwa kwamba ilikuwa wazi, mikononi mwa mwingine.

Karani yule hakusema uongo, wala hakukosa heshima. Alitumia neno ambalo lugha ilimpa. Ikiwa kuna wa kulaumiwa, ni sisi tunaodai kuihudumia lugha hii.

La kutia moyo ni kwamba wazo lenyewe si geni kwa watu wetu. Katika mashamba ya kumwagilia maji upande wa Taveta, chini ya mlima Kilimanjaro, maji ya mfereji huenda kwa zamu. Mwenye zamu huufungua mlango wa kuingilia shambani mwake, maji yakanywesha migomba, kisha huuziba ili maji yaendelee kwa jirani aliye chini. Akienda zake nyumbani bila kuziba, jirani wa chini hukosa maji, ingawa mfereji umejaa. Mkulima huyo wa chini hatasema kwamba maji yamefungwa. Atasema kwamba fulani bado anayo maji, bado ameyashikilia, hajayaachilia. Mkulima ambaye hajawahi kuigusa kompyuta anayo tayari istilahi tunayoitafuta: kushikilia na kuachilia.

Tuvitazame vitenzi hivi kwa jicho la mofolojia. Shikilia imetokana na shika, na achilia imetokana na acha, vyote vikiwa vimeongezewa kiambishi cha kutendea kwa namna inayozidisha maana. Anayeshika anaweza kuacha papo hapo. Anayeshikilia anaendelea kushika wakati wengine wanangoja. Hiyo ndiyo hali halisi ya rekodi iliyozuiwa. "Rekodi imeshikiliwa" humwambia msikilizaji mambo mawili kwa mpigo: kwamba yupo aliye nayo, na kwamba hali hiyo itakwisha. Laiti shangazi angeambiwa, "Mama, akaunti yako imeshikiliwa kwa muda na mhudumu mwingine," angekaa kwenye benchi akasubiri.

Kurejea, kutamatika, kukatizwa

Tofauti ya pili inayohitaji vitenzi ni ile ya namna za kuondoka niliyoieleza hapo juu. Kwa mazoea husemwa kwamba programu imeisha, iwe iliyafunga mafaili au iliyaacha wazi. Napendekeza tuseme programu imerejea pale inaporudi kwa aliyeiita bila kuyafunga mafaili yake, na imetamatika pale inapowasha kile kiashiria, ikayafunga, ikamaliza. Kiashiria chenyewe tukiite kiashiria cha tamati.

Sikulichagua neno tamati kwa kupenda makuu. Katika jadi ya tenzi, mshairi hakunyamaza tu alipoishiwa na maneno. Alikuwa na kazi za kufanya mwishoni: kutaja jina lake, kuhesabu beti, kutaja mwaka, kuomba dua, na mara nyingine kuwaomba wasomaji wasahihishe palipo na kosa. Mwana Kupona, aliyeutunga utenzi wake maarufu mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, alitaja mwishoni idadi ya beti na mwaka. Hesabu ile ya beti ilikuwa na faida ya vitendo. Mwenye kunakili aliweza kuhakikisha kwamba hakuna ubeti uliopotea wala ulioongezwa. Tamati katika jadi yetu ni utaratibu wa kukabidhi kazi ikiwa kamili. Programu inayoandika jumla kuu, ikathibitisha rekodi zake, ikayafunga mafaili, ndipo ikaondoka, inafanya jambo ambalo watunzi wetu walilifanya kwa wino na karatasi.

Zipo pia programu zisizopewa nafasi ya kutamatika. Msimamizi wa mtambo anaweza kuagiza kazi fulani isimamishwe. Katika mitambo ya IBM i agizo hilo huja kwa namna mbili. Namna ya kwanza huipa kazi muda wa kujiandaa, kwa kawaida sekunde 30 asipotaja vinginevyo. Lugha ya RPG ina njia ya programu kujiuliza kila mara, "Je, nimetakiwa kuondoka?" Programu iliyoandikwa kwa uangalifu hujiuliza hivyo kila inapomaliza rekodi moja, na ikipata jibu la ndiyo huimalizia kazi iliyo mkononi, huyafunga mafaili, na kutamatika. Namna ya pili ni ya papo hapo, isiyoiachia programu nafasi ya kujipanga. Mashine huyafunga mafaili yenyewe, lakini haijui kwamba fedha zilikuwa zimetolewa katika akaunti moja na bado hazijaingizwa katika nyingine. Kwa sababu hiyo waandishi makini huziunganisha hatua za namna hiyo kuwa fungu moja: ama zithibitishwe zote, ama zitanguliwe zote.

Tena kuna kisichoagizwa na yeyote. Mwezi wa Juni mwaka 2016 Kenya nzima ilikosa umeme kwa saa kadhaa baada ya tumbili kuangukia transfoma katika kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru. Habari hiyo ilichekesha ulimwengu, lakini palipokosekana betri wala jenereta, kompyuta zilizimika zikiwa katikati ya kazi, na tumbili yule hakuuliza kama kuna faili lililo wazi.

Kwa hali zote hizi za kusimamishwa na nguvu ya nje napendekeza kitenzi kukatizwa. Hapa sarufi yetu inatupa kitu ambacho lugha nyingine zingepaswa kutuonea wivu. Tamatika imejengwa kwa kiambishi cha kutendeka: jambo limefikia ukomo wake. Katizwa imejengwa kwa kiambishi cha kutendwa: yupo au kipo kilichosababisha. Msimamizi anayesoma taarifa ya asubuhi akiona "imetamatika" atapumua. Akiona "imekatizwa" atajua kwamba anapaswa kwenda kukagua mafaili kabla ya milango kufunguliwa kwa wateja. Tofauti ya silabi chache imembebea habari yote aliyoihitaji.

Hoja za wapinzani

Najua kwamba rai hii haitakosa wapinzani, na ni haki yao. Hoja ya kwanza itakuwa kwamba waandishi wa programu wetu husoma kwa Kiingereza, huandika kwa Kiingereza, na amri za lugha za kompyuta haziwezi kubadilishwa. Sikubaliani na jinsi hoja hii inavyotumiwa. Sijapendekeza kwamba RETURN iandikwe kwa Kiswahili. Hata mwandishi wa Japani au Brazili huandika amri hiyo kama ilivyo. Ninachozungumzia ni maelezo: maneno yanayoonekana kwenye skrini ya karani, kijitabu cha mtumiaji, somo la mwalimu, na sentensi ambayo mhudumu humwambia mteja. Hayo yote huandikwa au husemwa na watu wetu kwa watu wetu.

Hoja ya pili ni kwamba muktadha utaondoa utata. Katika mazungumzo marefu, naam. Lakini taarifa ya kompyuta ni sentensi moja iliyosimama peke yake kwenye skrini. Haina uso, haina mkono wa kuashiria, wala haiwezi kuulizwa swali. Mahali pasipo na muktadha ndipo istilahi sahihi inapohitajika zaidi.

Hoja ya tatu ni kwamba mitambo hii ni ya kizazi kilichopita na haifai kupotezewa wino. Jibu langu ni kwamba tatizo ni lile lile katika simu iliyo mfukoni mwa kila msomaji wa jarida hili. Unapobonyeza kitufe cha kurudi kwenye skrini ya mwanzo, programu uliyokuwa ukiitumia haijatamatika; umerejea tu, nayo huenda ingali inaendelea na shughuli zake nyuma ya pazia. Wanafunzi wawili wanapoandika tasnifu ya kikundi katika faili moja lililo kwenye mtandao wa ofisi, mmoja huambiwa kwamba faili liko mikononi mwa mwenzake. Niliuchagua mtambo wa kiwango cha kati kwa sababu ndani yake mambo haya yamepangwa wazi na yamejaribiwa kwa miongo mingi, si kwa sababu yanaishia humo.

Kazi iliyo mbele yetu

Si kwamba hakuna lililofanywa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi wa kutafsiri programu huria za ofisi, na toleo la OpenOffice kwa Kiswahili likatolewa. Kampuni ya Microsoft nayo ilitoa sura ya Kiswahili ya programu zake katika muongo huo. Wote waliohusika wanastahili shukrani, kwani walilima shamba lililokuwa pori. Lakini kazi ya tafsiri ya aina hiyo huanza na orodha ya maneno ya Kiingereza, kila neno likitafutiwa mwenzake, na mtafsiri mara nyingi haoni kazi ambayo neno hilo hufanya. Istilahi bora haizaliwi na orodha. Huzaliwa na mtu aliyeketi kando ya fundi akamwuliza, "Hapo umefanya nini? Na usipofanya hivyo hutokea nini?" Wavuvi hawakungoja baraza liwaundie majina ya tanga na pepo, waliyaunda kwa sababu kukosea kuliweza kuwagharimu maisha.

Kwa hiyo nawasihi wanachama wenzangu tufanye jambo dogo linalowezekana. Katika vyuo vyetu idara ya Kiswahili na idara ya sayansi ya kompyuta aghalabu ziko mwendo wa dakika chache kwa miguu. Tuwaalike wenzetu wa upande ule katika kongamano letu lijalo, waje na programu moja halisi, watuonyeshe inavyofungua faili, inavyoshikilia rekodi, inavyorejea na inavyotamatika. Sisi tuandike vitenzi wanavyovitumia bila kufikiri, kwa Kiswahili chao cha kawaida, na tuvipime: kipi kinatofautisha, kipi kinachanganya. Kisha tuvipeleke kwa makarani wanaokaa madirishani, kwa sababu wao ndio watakaovitamka mbele ya wateja. Kitenzi kitakachokataliwa na makarani tukiache, hata kama kimeidhinishwa na maprofesa.

Mapendekezo yangu ni machache, nami nayaweka mezani yajadiliwe: faili lifunguliwe na lifungwe, rekodi ishikiliwe na iachiliwe, programu irejee, itamatike au ikatizwe, na mashine peke yake ndiyo izimwe. Kitenzi funga tukiachie kazi zake nyingine zote, ambazo kimezifanya kwa uaminifu tangu zama za mababu. Kinachohitajika ni kukipunguzia mzigo mmoja tu, ule uliomfanya mwanamke mmoja wa Njukini alie usiku kucha kwa ajili ya fedha ambazo hazikupotea.